Kiraka cha gobori: kipakwe nini, kiasi gani, na kwa nini kinatoka kimetoboka?

Mdeki Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba tuliweke sawa suala la kilainishi cha kiraka kwenye magobori yenye mifereji ndani ya mtutu, yale yanayotumia risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa, ambacho ndicho kiraka. Kila mtu ana dawa yake: mate, shahamu, nta, nyonyo, maji ya sabuni. Anayetaja sababu ya kuchagua hii na kuacha ile ni nadra.

Vipimo ni hivi. Kaliba .50, yaani tundu la 12.70 mm. Risasi 12.45 mm, madini laini yasiyochanganywa. Kitambaa cha pamba 0.25 mm. Baruti nyeusi ya chembe ndogo za daraja la 3F, gramu 4.5. Kilainishi ni mate. Viraka vinaokotwa vikiwa na tundu katikati, na kuanzia risasi ya nne mdeki, fimbo ya kushindilia, haushuki bila kugongwa. Nibadilishe mafuta gani?

Fundi Mtutu

Mkuu, usibadilishe mafuta kwanza. Piga hesabu ya kitambaa.

12.70 toa 12.45 unabaki na 0.25. Gawa kwa mbili: 0.125 kila upande. Hilo ni pengo juu ya matuta, zile sehemu zilizoinuka kati ya mfereji na mfereji. Ndani ya mfereji kuna pengo hilo pamoja na kina cha mfereji wenyewe. Mitutu mingi ya risasi ya mviringo ina kina cha 0.25 hadi 0.30. Chukua 0.30, jumla ni kama 0.42. Kitambaa chako cha 0.25 hakifiki chini. Moto unapenya kwenye kila mfereji, unakichoma kiraka kabla risasi haijafika nusu ya mtutu. Hakuna kilainishi duniani kitakachoziba pengo hilo.

Tafuta kitambaa cha 0.45 hadi 0.50. Juu ya matuta kitabanwa sana, mferejini kitajaa. Ndiyo, kuanzisha risasi mdomoni kutakuwa kugumu. Tumia kijiti kifupi chenye kirungu, pigo moja la kiganja, halafu mdeki.

Aina: marudufu, au kile kitambaa kigumu cha mistari kinachoshonewa magodoro. Bafta ni nyembamba mno. Kiwe pamba tupu au kitani. Chomoa uzi mmoja uuchome: pamba inaacha jivu laini linalopeperuka na harufu ya karatasi, polista inajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kidonge hicho hukitaki ndani ya mtutu.

Halafu kifue kwa maji ya moto kabla ya kupima. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani unaokataa kunywa mafuta, na kikifuliwa kinajikunja na kuongezeka unene. Pima baada ya kukauka, mikromita ikiwa imekaza kabisa, maana ndani ya mtutu kitambaa kinabanwa hivyo hivyo.

Mdeki Mrefu

Nimekuelewa mkuu, kitambaa nabadilisha. Lakini mdeki kukwama risasi ya nne si kitambaa, hapo naona mafuta yanahusika.

Nta na Shahamu

Hapo ndipo penyewe. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi hewa, inabaki kuwa kitu kigumu: chumvi za potasiamu pamoja na makaa yasiyomalizika. Risasi ikitoka, sehemu ya takataka hiyo imeganda kwenye kuta za mtutu. Chumvi hizo zinayeyuka kwenye maji. Tena zinavuta unyevu wa hewani zenyewe, ndiyo maana kutu haichelewi.

Kwa hiyo kilainishi cha kiraka kina kazi tatu, na watu wengi wanaifikiria moja tu. Ya kwanza ni kiraka kiteleze kisichanike. Ya pili ni kuchelewesha kitambaa kushika moto. Ya tatu, ambayo ndiyo inayoamua utapiga risasi ngapi kabla ya kupangusa, ni kuyaweka masizi yakiwa laini ili kiraka kinachofuata kiyasukume chini na kutoka nayo.

Mate ni maji. Kazi ya tatu yanaifanya vizuri kuliko kitu chochote, ya pili yanaifanya yakiwa bado mabichi, ya kwanza kidogo tu. Yakikauka kwa sababu hewa ni kavu au umechelewa kufyatua, umebaki na kitambaa kitupu.

Gumegume

Naongezea kwenye mate. Kwa kulenga shabaha, unashindilia na kufyatua ndani ya dakika moja au mbili, mate yanatosha na ni bure. Kwa mawindo ni kosa. Bunduki inaweza kukaa imeshindiliwa saa nne au tano. Mate yatafanya moja kati ya mawili: yashuke kwenye baruti, tabaka la juu lilowe, au yakauke na kuacha pete ya kutu pale risasi ilipokaa. Wakati mwingine yote mawili kwa pamoja.

Swali la kwanza la kujiuliza si "mafuta gani bora" bali "risasi itakaa humo muda gani". La pili ni joto la siku hiyo. La tatu, utapangusa mtutu kila baada ya risasi au hutapangusa. Ukijibu hayo matatu orodha yote inabaki na vitu viwili vitatu.

Nta na Shahamu

Kwa bunduki inayokaa imeshindiliwa, grisi ya nta ndiyo yenyewe. Haiendi popote, haikauki.

Namna rahisi: nta ya nyuki na mafuta ya zeituni, kwa uzito. Sehemu 1 ya nta kwa 4 za mafuta inatoa mlainisho mwepesi wa siku za baridi. 1 kwa 3 ni ya kawaida. 1 kwa 2 ni ya joto kali, hii haiyeyuki mfukoni. Nta yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo weka chombo chake ndani ya sufuria ya maji, usiweke juu ya moto moja kwa moja. Nta iliyopita kiasi cha joto inashika moto kama petroli.

Shahamu ya kondoo inaweza kuchukua nafasi ya mafuta ya zeituni. Ni ngumu kidogo, kwa hiyo nta inapungua. Itoe wewe mwenyewe: mafuta yaliyozunguka figo, yakate vipande vidogo, yayeyushe taratibu pamoja na maji kidogo, chuja kwa kitambaa, acha igande juu ya maji, kisha kwangua uchafu wa upande wa chini. Ukiacha vipande vya nyama itaoza. Na isiwe na chumvi hata chembe. Mafuta ya jikoni yaliyokwisha kukaangiwa chakula yasiguse mtutu.

Kupaka: tumbukiza viraka kwenye mchanganyiko ukiwa wa moto, vitoe, vikamue kati ya vidole viwili vikiwa bado vuguvugu. Kikipoa kiwe kinang'aa kidogo, mashimo ya mfumo wa nyuzi bado yanaonekana. Kama mashimo yamezibwa na tabaka jeupe la grisi, umezidisha.

Kipimio

Naona hakuna aliyetaja njia kavu, na kwa shabaha ndiyo inayotoa matokeo yanayofanana kuliko zote. Tatizo la mate na grisi ni kwamba kila kiraka kina kiasi chake. Msuguano ukibadilika, mwendo wa risasi unabadilika, na shimo kwenye karatasi linapanda au kushuka.

Chukua mafuta yanayochanganyika na maji. Yapo ya kukatia chuma, yale ya mafundi wa mashine za kukereza, yanayogeuka meupe kama maziwa ukiyatia maji. Au Ballistol, mafuta ya kutunzia bunduki, inafanya vivyo hivyo. Anza na sehemu 1 ya mafuta kwa 6 za maji: mililita 50 kwa 300. Tikisa. Lowesha kitambaa kizima kikiwa ukanda, kamua, kisha kilaze juu ya kitu bapa kikauke. Usikianike kwenye kamba! Ukikianika, mafuta yote yatashukia pindo la chini, na viraka vya juu vitakuwa vikavu kabisa huku vya chini vinachuruzika.

Maji yakikauka yameacha mafuta kidogo sana, yaliyosambaa sawasawa. Ukishika hudhani kimepakwa kitu. Halafu tengeneza ukanda mwingine wa 1 kwa 5, mwingine 1 kwa 7, piga risasi tano tano kwa kila mmoja, mita 45, bila kubadilisha kingine chochote. Mtutu mmoja unapenda huu, mwingine ule. Bei ya njia hii ni kwamba lazima upanguse kila baada ya risasi moja, maana hakuna cha kulainisha masizi.

Shabaha Moja

Samahani wakuu, niulize. Mafuta ya mgando ya kupaka ngozi je? Au oili ya injini, si ndiyo imetengenezwa kwa ajili ya chuma na joto?

Gumegume

Hapana ndugu yangu. Yote mawili yanatokana na petroli, na mafuta ya petroli na baruti nyeusi havipatani. Vikiungua pamoja vinaacha kitu kama lami, kigumu, hakitoki kwa maji. Oili ya injini ndiyo mbaya zaidi, ina viungo vyake vya ziada. Tumia ya mimea au ya wanyama.

Kipimio

Kanuni ya "petroli marufuku" ni nzuri kwa anayeanza lakini ni pana mno. Ballistol niliyoitaja msingi wake ni mafuta ya madini yaliyosafishwa sana, na haitengenezi lami. Nta ya mishumaa nayo inatokana na petroli, watu wanaichanganya na shahamu na nta ya nyuki na masizi yanabaki laini. Kinacholeta lami ni oili za mashine na grisi za magari. Mafuta ya mgando yako katikati: kiasi kidogo ndani ya nta hayadhuru, yakiwa peke yake mtutu unachafuka haraka.

Na upande wa pili, "ya mimea" pekee haitoshi. Mafuta ya kitani yanakauka na kuwa kama rangi ya mbao, ndiyo kazi yake. Ukiyapaka kwenye kiraka utakuwa umetengeneza gundi. Zeituni hayakauki namna hiyo. Nyonyo ni mazuri sana, mazito, na yanayeyuka kwenye spiriti. Changanya sehemu 1 ya nyonyo kwa 4 za spiriti isiyo na maji mengi, lowesha, laza, spiriti ipae mbali na moto. Jojoba nayo ni nzuri: kwa asili yake ni nta iliyo kimiminika, jamaa wa karibu wa mafuta ya nyangumi yaliyotumika karne ya 19.

Gumegume

Haya, nakubali kuhusu nta ya mishumaa. Oili ya injini bado nasema hapana.

Kipimio

Hapo hatubishani.

Fundi Mtutu

Turudi kwa mwanzisha uzi, kwa sababu jibu lake liko chini, mita tano hadi kumi mbele ya mdomo wa mtutu. Okota viraka. Kiraka kilichotumika kinasema kila kitu, tatizo watu wanakitazama rangi tu.

Kitandaze kiganjani. Katikati pana duara jeusi au la kijivu, ndipo baruti ilipogusa. Kulizunguka duara hilo kuna pete nyeupe au ya manjano yenye alama za matuta, kama miale, idadi yake ni sawa na idadi ya mifereji. Nje ya hapo ni pindo lililochanika nyuzi nyuzi. Kikiwa hivyo na kinaweza kutumika tena, usiguse kitu.

Duara la katikati likiwa limeungua hadi kutoboka, nyuzi za ukingoni zikiwa za kahawia na zinavunjika: kitambaa chembamba au kikavu mno. Ndiko uliko mwanzisha uzi. Alama za kuungua zikiwa kwenye ile pete ya miale, katikati pazima: moto unapita mifereji, ongeza unene.

Lakini kama pete hiyo ina mikato safi kama ya wembe, nyuzi hazina weusi, hapo si moto. Ni ukingo wa mdomo wa mtutu una makali, au matuta yenyewe ni mapya. Kujua ni lipi, sukuma risasi yenye kiraka sentimita tano tu ndani ya mtutu usio na baruti, kisha ing'oe kwa skrubu ya kuvutia risasi. Kiraka kikitoka kimekatwa, kosa ni la mdomo. Ulainishe kwa karatasi ya msasa namba 400 chini ya kidole gumba, ukizungusha taratibu, kisha namba 600. Kikitoka kizima, makali yako ndani, na risasi mia moja au mbili zitayamaliza.

Kuna jingine linalosahaulika: umri wa kiraka. Viraka vilivyopakwa mafuta vikakaa koponi mwaka mzima vinaoza polepole, mafuta yanachacha na kula pamba. Kwa macho ni vizima. Kivute kwa mikono miwili. Kikichanika kirahisi kama gazeti, tupa kopo lote. Watu wanabadilisha baruti, wanabadilisha risasi, kumbe kitambaa kimekufa.

Mdeki Mrefu

Hili la mikato safi sikuwa nalijua kabisa. Sasa, kuna hatari gani nikizidisha grisi? Si bora izidi kuliko ipungue?

Nta na Shahamu

Haiko hivyo mkuu. Ikizidi inakamuliwa wakati wa kushindilia, inashuka yote juu ya baruti. Chembe za juu zinalowa, mlipuko unakuwa dhaifu, na risasi inaanguka chini ya shabaha. Siku ya joto ni mbaya zaidi maana inaendelea kushuka hata baada ya kushindilia. Dawa ni kuweka kizibo cha sufi ya kushindiliwa, unene wa mm 3, kati ya baruti na kiraka. Ila ukikiweka ni mpango mpya, lenga upya.

Jambo la pili ni la usalama. Kiraka chembamba chenye grisi nyingi kinaweza kuachia risasi iteremke kuelekea mdomoni ukiinamisha bunduki. Risasi isiyokalia baruti ikifyatuliwa inaweza kuvimbisha mtutu au kuupasua. Kabla ya kufyatua bunduki iliyotembea, shusha mdeki uhakikishe.

Gumegume

Mdeki uwe na alama mbili zilizochongwa au kufungwa uzi: moja mtutu ukiwa mtupu, nyingine ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Alama ya pili ikisimama hata sentimita moja juu ya mdomo, usifyatue.

Mara nyingi kinachozuia ni pete ya masizi inayojengeka juu kidogo ya pale baruti inapokaa. Baadhi ya baruti mbadala zinaijenga ngumu zaidi kuliko baruti nyeusi. Usigonge mdeki kwa jiwe wala nyundo. Kupangusa ndiyo dawa: kitambaa chenye unyevu, si kilicholowa, kishuke mara moja hadi chini, kigeuzwe, kishuke tena, kisha kikavu kimoja. Kikiwa kimelowa, utasukuma tope hadi kwenye njia ya moto, na fataki, kile kiwashio kidogo kinachogongwa na nyundo ya bunduki, itapasuka bila bunduki kulia. Kichwa cha mdeki kikibana mno ni hivyo hivyo, kinasukuma uchafu chini badala ya kuupita na kurudi nao.

Na baruti isimiminwe kutoka kwenye pembe moja kwa moja mtutuni. Cheche ya kiraka kilichoungua inaweza kuwa bado hai kule chini. Pima kwenye kibaba kwanza, ndipo umimine.

Shabaha Moja

Nasikia mtutu ukitumia mafuta ya asili peke yake miaka mingi "unakolea" kama kikaango cha chuma, hauhitaji kuoshwa kwa maji. Ni kweli?

Fundi Mtutu

Si kweli. Kikaango kinachomewa mafuta hadi yanakuwa ngozi ngumu juu ya chuma. Ngozi hiyo ndani ya mtutu ni uchafu mferejini, na chini yake chumvi ya baruti inaendelea kula chuma kimya kimya. Osha kwa maji siku ile ile. Yakiwa vuguvugu yanatosha. Yanayochemka yanakausha haraka lakini yanaacha vumbi jekundu la kutu kabla hujafika na kitambaa. Waliotumia baruti mbadala zenye pakloreti waharakishe zaidi, masalia yake yana kloridi, ni ndugu wa chumvi ya mezani.

Kipimio

Kwa wapenda historia: mwaka 1857 huko India, uvumi kwamba karatasi za risasi za bunduki ya Enfield zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe uliwagusa askari Wahindu na Waislamu kwa pamoja, nao ukawa miongoni mwa vichochezi vya uasi mkubwa. Kilainishi kile kile tunachobishania hapa.

Mdeki Mrefu

Asanteni sana wakuu. Niandike mpango mnirekebishe. Marudufu ya 0.46 iliyofuliwa. Shabaha: njia kavu 1 kwa 6, napangusa kila risasi. Mawindo: nta 1 kwa zeituni 3, na kizibo cha sufi. Gramu 4.5 naiacha kama ilivyo. Viraka nakata mviringo wa mm 32.

Fundi Mtutu

Uko sawa. Mm 32 inatosha kwa kaliba hiyo, ila hakikisha risasi inakaa katikati. Kiraka kilichokaa upande kinatoka upande. Jaribu pia kukata mdomoni: tandaza ukanda, sukuma risasi hadi iwe sawa na mdomo, kusanya kitambaa kinachobaki juu, pitisha kisu kikali. Hapo risasi iko katikati daima.

Kipimio

Marekebisho moja. Usilinganishe njia kavu na grisi kwa kutumia alama ile ile ya kulengea. Msuguano ni tofauti, zitapiga mahali tofauti. Andika vipimo viwili.

Mdeki Mrefu

Sawa. La mwisho: risasi ya kwanza ya siku huwa inakwenda peke yake mbali na wenzake. Hiyo nayo ni kiraka?

Gumegume

Hiyo ni oili ya kuhifadhia iliyobaki ndani. Kabla ya kushindilia, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, kisha vikavu viwili hadi kimoja kitoke safi. Bunduki ya fataki, fyatua fataki mbili mtutu ukiwa mtupu, mdomo ukielekea jani kavu la chini karibu; jani likitikisika njia iko wazi. Ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, pitisha sindano kwenye tundu la moto, na ukaushe kisahani cha baruti ya kuwashia.

Kama unapiga kwa grisi bila kupangusa, hata ukikausha hivyo ya kwanza bado inaweza kwenda kivyake, maana imepita kwenye mtutu safi na nyingine zote zinapita kwenye masizi. Ipige pembeni, anza kuhesabu ya pili.